Tunasikitika Kukujulisha

Anayetafuta kazi Garsen haimalizi barua aliyoandikiwa. Akiona mstari wa kwanza unaanza na "We regret to inform you", ameshajua. Barua ikiwa ya Kiswahili mstari huo huwa "Tunasikitika kukujulisha", na kazi yake ni ileile. Sijapata kuona ofisi iliyosikitika kumjulisha mtu kwamba amefaulu. Ndiyo maana sikitiko hilo halitupi tena habari yoyote ya moyo wa mwandishi. Limebaki kuwa alama ya kwamba kinachofuata ni hapana.

Mstari huo nimeusoma kwa sauti mara nyingi, kwa sababu katika miaka ya 1990 nilikuwa msomaji barua wa Kau. Hakuna aliyeniajiri. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kungoja, na pale kijijini waliokisoma Kiingereza bila kukwama walikuwa wachache. Barua zilishuka Garsen au Witu, zikalala kwenye sanduku la posta la mwenye duka, kisha zikaletwa na yeyote aliyekuwa anakuja upande wetu, awe mvuvi, mchuuzi wa maembe au mwanafunzi anayerudi likizo. Bahasha ilipotufikia kona zilikuwa zimeshakunjika na muhuri hausomeki. Mwenyewe alinifuata baada ya alasiri, akakaa barazani, akaulizia hali ya nyumba yetu mtu mmoja mmoja, ndipo akaifungua ncha ya kanga au akatia mkono mfuko wa shati. Hakuna aliyeanza na barua.

Kwa asiyekujua kwetu: Kau iko ukingoni mwa mto, chini kabisa ya delta ya Tana, jirani na kijiji cha Ozi, kabla maji hayajafika Kipini na kuingia Bahari ya Hindi. Leo ni kijiji cha wakulima wa mpunga, wenye miembe na wavuvi. Katika karne ya 19 ilikuwa mji wa biashara, bandari ya mtoni ya Usultani wa Witu. Mfereji wa Belezoni ulichimbwa karne hiyohiyo kuunganisha Tana na mto Ozi, kisha maji yenyewe yakaendelea kuupanua mpaka mto mkubwa ukahamia huko. Wazee walikusudia njia ya mitumbwi, wakapata Tana nzima mlangoni mwao. Naitaja habari hii mapema kwa sababu watu wa Kau hawashangazwi upesi na mambo kwenda kinyume cha yalivyopangwa. Huko kwetu mtoto hukua akiona mpunga ulioinamisha kichwa unazama wiki moja kabla ya kuvunwa.

Barua ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa na mama mmoja, jirani yetu wa upande wa mtoni. Mwanawe alikuwa ameomba nafasi chuoni, na nyumba ile ilikuwa imeshauza mpunga wa akiba ili karo isije ikakosekana siku ya mwisho. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nikamfasiria nilivyoweza: wanasikitika kumjulisha kwamba maombi yake hayakufaulu, na wanamtakia kila la heri.

Mama akanyamaza kidogo. "Nani anayesikitika, mwanangu?"

Nikatazama chini ya karatasi. Palikuwa na saini isiyosomeka na cheo kisicho na jina, tena aliyesaini alisaini kwa niaba ya mwenye cheo. Nikamwambia ni wakubwa wa chuo.

"Na kilichomkosesha ni nini?"

Barua haikusema.

"Basi mwakani aombe tena, au asijisumbue?"

Hilo pia halikuwemo. Akaipokea barua, akaikunja kama ilivyokuwa. "Umesoma vizuri, ahsante. Ila huyo mwenyewe hakusema kitu."

Hakulia wala hakulaumu. Hapana aliikubali palepale, maana alikuwa mkulima wa miaka mingi na kukosa kulikuwa sehemu ya kazi yake. Alichotaka ni vitu ambavyo barua ilikuwa na nafasi ya kutosha kuviandika: aliyeamua ni nani, aliamua kwa sababu gani, na sasa mtoto afanye nini. Niliwasomea watu barua nyingi baada ya ile, za vyuo, za ofisi za ardhi, za kampuni za Mombasa, za idara za Nairobi, na wenye barua waliuliza maswali hayohayo kwa maneno tofauti. Mzee mmoja aliyenyimwa fidia ya shamba aliuliza tu, "Nimfuate nani?" Swali lake lilikuwa lilelile la mama yule.

Nimejiuliza sana Waingereza waliipataje sentensi hii, na jibu moja liko kwenye vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, afisa wa jeshi la Uingereza akiuawa, nyumba yake ilipelekewa simu ya maandishi iliyoanza na masikitiko hayo. Nyumba ya askari wa kawaida ilipata fomu kwa posta, fomu iliyochapishwa tayari, karani akajaza kwa mkono jina, namba ya askari, mahali na tarehe. Nilipozisoma habari za fomu zile mara ya kwanza niliona ubaridi mtupu: mtu amekufa, nawe unajaziwa pengo kwenye karatasi. Siku hizi siilaumu sana. Fomu ile, pamoja na ubaridi wake, ilikuwa na jina, mahali na tarehe. Mama wa Manchester alijua mwanawe alifia wapi na lini.

Upande wetu wa vita vilevile haukuwa na fomu. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza waliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki, wa pwani na wa bara, kubeba mizigo ya majeshi yaliyokuwa yakimwandama Jenerali von Lettow-Vorbeck huko kulikoitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na lile la Kariokor ya Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Nyumba nyingi hazikupata karatasi wala mjumbe. Waliongoja walingoja mpaka aliyesafiri na mtu wao aliporudi na kusema alimwacha anaumwa, au wakangoja bila mtu wa kurudi. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Msomaji afikirie hilo ndani ya nyumba ya Kiislamu ya mwambao. Mke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mirathi hugawanywa, madeni ya marehemu hulipwa, watoto hujulikana wako chini ya nani. Yote hayo huanza na habari. Habari isipofika, mwanamke si mke wala si mjane, na shamba halina mwenyewe. Kwa hiyo ninaposema kwamba mtu ana haki ya kuambiwa hapana yake waziwazi, sizungumzii adabu tu. Nazungumzia mtu kuweza kuendelea kuishi.

Na hata Witu yenyewe, iliyokuwa na Kau chini yake, ilimalizwa kwa karatasi isiyoandikiwa wenyewe. Mwaka 1885 Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, alijiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili wa Denhardt, akitumaini kupata mlinzi dhidi ya Zanzibar. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba Berlin. Uingereza ikaipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na miongoni mwa vilivyotolewa upande wa pili ilikuwa Witu. Fumo Bakari, aliyekuwa ameshika kiti baada ya Simba, hakuwa mezani. Mwezi wa Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, Oktoba Waingereza wakapanda kutoka pwani na kuuchoma mji, na mwanzoni mwa 1891 Fumo Bakari akafa. Wanahistoria hueleza sababu nyingi za damu ile, na sina haja ya kuzipunguza. Ila kila ninapoisoma habari hiyo naona mtu aliyeahidiwa urafiki, akaachwa, na hakuna aliyekuja kumwambia uso kwa uso.

Tuna ufundi wetu wenyewe wa kusema hapana, nami nilikua karibu na mtu aliyeujua. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kutumwa. Posa ikiletwa na nyumba isiikubali, yeye ndiye aliyepeleka jibu. Alikuwa na taratibu zake. Aliondoka mchana, asiende usiku, kwa sababu mjumbe wa usiku huwashtua watu kwa msiba ambao haupo. Alichukua mtu mwingine wa makamo yake, ili maneno yawe na shahidi na ili hasira ikizuka igawike. Wakifika walisalimia kikamilifu, lakini hakukubali kula kabla hajasema. "Ukila kwanza," aliniambia, "umewadanganya. Watadhani umeleta heri." Akishapewa nafasi alilisema jambo kwa sentensi chache, akamtaja aliyeamua kwa jina na uhusiano wake, baba mzazi, ami au mama, na akataja sababu inayoweza kusemwa bila kuvunja heshima ya mtu. Kisha alikaa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi hasa. Alikaa mpaka wale waliochukia wamalize kuchukia. Chakula alikula baadaye, kikiletwa.

Nilimuuliza sababu ya kukaa, kwa kuwa mimi ningetoka mbio. Alisema mtu aliyekataliwa ana maneno, na maneno yale yana mwenyewe, na mwenyewe asipokuwepo, aliyekataliwa atayabeba peke yake mpaka yamgeukie.

Lakini sitaki kuipamba desturi yetu kuliko inavyostahili. Mjomba alikuwa mmoja, na wengi wetu hatuko hivyo. Mwambao mzima umejaa watu wasioweza kutamka hapana. Unakwenda kudai deni, unaambiwa njoo kesho. Unakwenda kesho, mwenyewe ametoka sasa hivi. Unaomba kazi ya ubaharia wa mashua, unaambiwa inshallah, nawe unajua kwa mkazo wa sauti kwamba mlango umefungwa. Jambo hili huniumiza, kwa sababu inshallah ni neno la kumtegemea Mungu baada ya kuazimia, na tumeligeuza pazia la kujifichia asiyeazimia. Tunasema ni kwa ajili ya kutomvunja mwenzetu moyo. Moyo wake unavunjika hivyohivyo, polepole, na nauli yake ikiwa imeisha. Hapo ndipo barua ya Kiingereza inatushinda: ina ubaridi, haina jina, lakini imemaliza. Kijana wa mama yule alijua siku ileile kwamba chuo kile basi. Msimu ulipofika alikuwa shambani na wenzake, na mwaka uliofuata aliomba kwingine.

Kuna hali iliyo mbaya kuliko barua baridi na kuliko njoo kesho, nayo ni kimya. Delta ya Tana inakijua kimya hicho vizuri mno.

Mradi wa mpunga nilioushuhudia ukijengwa ulikuwa wa TARDA, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, kwa mkopo wa Japani, katika miaka hiyohiyo ya 1990. Yalijengwa matuta ya kuzuia mafuriko, mifereji, na majaruba yaliyonyooka kwa kipimo. Kwa watu waliozoea kulima kwa kuyavizia maji, wazo la maji yanayofunguliwa na kufungwa lilikuwa kubwa. Vijana walizungumzia mshahara, kina mama walizungumzia kinu cha mashine. Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Niño. Mto ulipanda, ukabomoa matuta na mifereji, na mpaka mwaka 1998 unaingia mradi ulikuwa umelala. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa mvua. Ila baada ya maji kushuka, kila aliyekwenda kuuliza alirudi na jibu tofauti. Mmoja aliambiwa utarudi msimu ujao, mwingine aliambiwa wafadhili wanatafutwa, mwingine aliambiwa asiulize. Hakuna aliyeitisha baraza vijijini mwetu na kusema: umekufa, msiungoje. Au: haujafa, na hatua ni hizi.

Miaka kumi baadaye zikaja habari za miwa. TARDA na kampuni ya Sukari ya Mumias zilipanga shamba kubwa na kiwanda ndani ya delta, na mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ikatoa kibali. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Malindi. Wafugaji waliogopea malisho na njia zao za kufikia maji, watu wa mazingira waliogopea ndege na viboko, na walikuwepo wakulima, nami nawajua, waliotaka kiwanda kwa moyo wote kwa sababu ya ajira. Wote walikuwa na hoja. Wakati huohuo wawekezaji wengine wa nje nao walitajwa, wa mimea ya mafuta, wa mboga za kusafirishwa Ghuba. Mwaka 2012 delta iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2019 Mumias yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu. Kiwanda cha delta hakikujengwa. Tangazo la kwamba hakitajengwa sijalisikia hata leo.

Gharama ya kimya haionekani kwa mpita njia. Mimi niliiona kwa jirani yetu mwenye ardhi nzuri kabisa ya embe. Aliambiwa bikoni za kupimia ardhi ya mradi zitapita shambani mwake, basi hakupanda miembe, maana mwembe wa kienyeji unataka miaka kabla ya kukupa kitu, naye hakutaka kupanda mti ili uje ung'olewe na tingatinga. Alipanda mchicha na mahindi, vitu vya kuvuna upesi. Nyumba yake hakuiezeka upya. Mwanawe hakwenda kutafuta kazi Malindi kwa kuwa kazi ilikuwa inakuja. Misimu ikapita hivyo, na yule mzee akafariki akiwa analima mchicha kwenye udongo wa embe. Hakuna aliyemnyang'anya shamba. Alikosa tu mtu wa kumwambia lima unavyotaka.

Na pale watu wasipoambiwa, uvumi huwaambia. Mwaka 2012, kuanzia Riketa mwezi wa Agosti, kisha Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, tuliuana katika delta hii, wakulima na wafugaji ambao babu zao walijua kupatana juu ya malka, zile njia za mifugo kufikia mto. Chanzo cha maafa yale hakiwezi kuwa kimoja, na waliofiwa wasifanywe mfano wa hoja ya mtu. Ninachoweza kusema ni nilichokisikia katika miezi ya kabla yake: kila upande ukiwa na hakika kwamba upande wa pili umeshapewa ardhi kwa siri. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba si kweli.

Mto haujatuahidi chochote, ndiyo maana hatuuwekei kinyongo. Mwaka 1989 uliacha mkondo wake huko Hola, na skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa ikabaki na pampu zisizo na maji. Huku chini kwetu tumelima kwa kuusoma. Bamvua likija, maji ya bahari yanayojaa huyasukuma maji baridi ya mto juu, nayo huingia majarubani yenyewe bila pampu wala dizeli. Mkulima hufungua, hujaza, huziba. Ni umwagiliaji wa akili nyingi, na unataka jambo moja tu: mto ushuke na nguvu za kutosha ili chumvi ibaki chini. Tangu Kindaruma ilipokamilika mwaka 1968, zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere hadi 1988, maji ya Tana yanashikwa juu kwa ajili ya umeme kabla ya kutufikia. Mvua zikikawia na mto ukawa mwembamba, bahari hupanda kwenye nafasi iliyoachwa. Mkulima wa Kau siku hizi huteka maji kwa kiganja na kuyaonja kabla ya kufungua jaruba, maana akiyafungulia maji ya chumvi ameshapoteza udongo wa misimu kadhaa.

Lakini mabwawa yaleyale yametuletea, katika miaka ya karibuni, mfano wa habari mbaya iliyosemwa kama inavyopaswa. Masinga ikijaa na kuanza kumwaga, KenGen, kampuni ya umeme, hutoa tahadhari kwa wanaoishi chini ya mto, Idara ya Hali ya Hewa hutoa yake, na watu wa Msalaba Mwekundu na machifu huzisambaza. Ujumbe unafika kwenye simu: maji yanakuja, hameni mabondeni, kwa sababu hii. Masikitiko hayamo, na sijamsikia mtu akiyadai. Mwezi wa Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu hadi Garsen pale Gamba, mpunga ulipotea na vitu vingi vikapotea, lakini niliwaona watu waliobeba watoto, mikeka na mbegu wakapanda mahali pa juu mapema kwa kuwa waliambiwa mapema. Hapana ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko ya barua yoyote niliyowahi kuisoma. Wengi waliipokea wamesimama.

Nami nikapata nafasi ya kuandika badala ya kusoma. Niliingizwa kwenye kamati ya basari, ile fedha ya kusaidia karo, ambayo kila mwaka ina waombaji wengi kuliko mfuko. Nilikuta desturi: waliopata majina yao hubandikwa ukutani, na waliokosa hujijua kwa kutojiona. Mtoto anatoka mbali, wengine kwa mtumbwi, anasimama mbele ya ukuta anasoma orodha mara ya kwanza, mara ya pili, halafu anaondoka. Huko hata sikitiko la uongo halimo.

Nilisema kwenye kikao kwamba tuwaandikie. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, akasema karatasi ni gharama na barua zitaamsha ugomvi. Tulijadiliana sana. Hatimaye tukakubaliana barua fupi ya Kiswahili, ipelekwe na mzee wa kijiji mkononi, si kutumwa. Hatukuanza na kusikitika. Tuliandika: "Kamati haikukupa basari mwaka huu." Mstari wa pili ulitaja sababu, na hapo tulibishana zaidi, kwa kuwa sababu ya kweli wakati mwingine ni nzito kuiandika: fomu haikuwa na muhuri wa shule, au mwombaji ana mzazi mwenye mshahara, au fedha ziliisha kabla ya kufika kwenye jina lake. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, lakini ikaandikwa. Mstari wa tatu ulisema lini fomu mpya zitatoka. Chini tuliweka jina la mwenyekiti wa kikao na namba ya simu.

Ugomvi ulikuja, kama mwenzangu alivyosema. Baba mmoja wa upande wa Ozi alifika ana barua mkononi, ameikunja kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Sababu tuliyoiandika ni kwamba ana ajira ya serikali. "Hii ajira," alisema, "iko wapi niende nikachukue mshahara?" Tulifungua jalada. Kulikuwa na mtu mwingine mwenye jina kama lake, mwalimu, na taarifa zake ndizo zilizoingizwa kwenye fomu ya binti huyu. Fedha za mwaka zilikuwa zimeshagawanywa, hatukuweza kumpa. Kikao kiliandika kosa hilo kwenye kumbukumbu zake na kuliweka jina la binti juu ya orodha ya mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata alipata. Kwenye ukuta wa zamani baba huyu angesoma orodha, asijione, na kurudi Ozi akiamini kwamba ni kabila lake, au chama chake, au kwamba hakumpa mtu kitu. Angewaeleza wenzake hivyo, nao wangemwamini, nami pia ningemwamini.

Si wote waliokuja walikuwa na haki. Wengine walikuja kutukana tu, na tuliketi nao. Nilimfikiria mjomba siku hizo, na nikaelewa kwa nini alichagua kwenda na mtu wa pili.

Mwaka jana, kwenye kikao cha kupanga barua, mjumbe mpya aliomba namba ya simu iondolewe, kwa kuwa watu wanapiga usiku na siku za Ijumaa. Tukapiga kura, namba ikabaki. Wameiweka yangu. Wiki iliyopita alinipigia msichana kutoka Kau kwetu, sauti yake ikiwa imeshaacha kulia muda si mrefu.

"Shikamoo, shangazi. Nimeisoma barua. Inasema muhuri wa shule haukuwemo."

"Marahaba. Ndiyo, haukuwemo."

"Kwa hiyo nikiupata?"

"Fomu zinatoka Januari. Upate muhuri, na barua ya chifu, na nakala ya matokeo. Ulete wewe mwenyewe, usimpe mtu."

"Nikose tena je?"

"Ukikosa utaandikiwa sababu, nawe utapiga simu hii."

Akaniomba nirudie vile vitu vitatu, polepole, ili aandike.